Mizani Moja kwa Timu Zote

Mada iliyotolewa kwenye semina ya viongozi walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri za Walei, wajumbe wa kamati za Haki na Amani, na ninyi nyote mliotumwa na jumuiya zenu.

Huenda baadhi yenu mlipoiona ratiba ya semina hii mlishangaa. Baada ya mada juu ya ardhi, mirathi ya wajane na rushwa, padre anakuja kuzungumzia mpira wa miguu! Mmoja wenu ametuuliza mlangoni kama tumekuja kuipigia debe timu yetu. Tunamhakikishia kwamba timu yetu hataijua leo, ingawa tunayo.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu moja. Ni wachache sana kati yetu watakaoketi siku moja katika kiti cha hakimu. Lakini kila mwisho wa juma maelfu ya Wakristo wetu huketi kuhukumu. Twamhukumu mwamuzi, twawahukumu washika vibendera, twaihukumu Bodi ya Ligi na Shirikisho. Twatoa hukumu bila kuusikiliza upande wa pili, na adhabu twaitekeleza papo hapo, kwa matusi na mara nyingine kwa mawe. Namna mtu anavyohukumu mambo ya mpira ndiyo namna anayojizoeza nayo kuhukumu mambo ya jirani yake. Kwa hiyo tusiseme kwamba haya ni mambo ya vijana wa vijiweni tu. Ni shule ya haki, au ni shule ya uonevu.

1. Hali tunayoiona

Nchini Tanzania hakuna haja ya kueleza mengi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na tangu wakati huo nyumba nyingi zimegawanyika sehemu mbili zikaendelea kula sahani moja. Utani huu wa jadi ni mali yetu. Wazee walitufundisha kwamba mtani husema maneno makali ya kuchekesha, lakini siku ya msiba ndiye wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Utani una mipaka yake, na kila mtu aliijua.

Siku hizi twaona mipaka hiyo ikivukwa. Timu ikifungwa, haikufungwa: imeonewa. Ikishinda nyingine, haikushinda: imebebwa. Mwamuzi akitoa penalti amenunuliwa. Asipoitoa amenunuliwa na wale wengine. Ratiba ikipangwa, imepangwa kwa faida ya mtu fulani.

Chukueni mfano wa mechi ya Yanga na Simba iliyokuwa ichezwe Dar es Salaam tarehe 8 Machi 2025. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walisema wamezuiwa kuingia katika Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ambayo, kwa maelezo yao, kanuni iliwapa. Wakatangaza kwamba hawatacheza. Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi siku ile ile ambapo ilipaswa kuchezwa. Yanga walipinga uamuzi huo, wakapeleka timu uwanjani, na baadaye wakafika hata kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ambayo iliwaelekeza kwanza kwenye vyombo vya ndani. Mechi ilichezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda mabao 2 kwa 0 na kutwaa ubingwa.

Sisi hatukuja kuamua nani alikuwa na haki. Tunataka mlione jambo moja tu. Siku zile tulizitembelea jumuiya mbili, na katika kila jumuiya tuliuliza: kanuni yenyewe inasemaje? Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisoma. Lakini wote walikuwa wamekwisha hukumu, na hukumu ya kila mmoja ilifanana na rangi ya jezi yake. Hilo ndilo linalotuhusu sisi kama kamati ya haki.

2. Jicho la mshabiki

Je, mshabiki husema uongo kwa makusudi? Mara nyingi hapana, na hapo ndipo penye ugumu.

Mwaka 1951, huko Marekani, vyuo vikuu viwili, Princeton na Dartmouth, vilipambana katika mpira wa Kimarekani. Mchezo ulikuwa mkali, wachezaji wakaumizwa, na lawama zikawa nyingi. Wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Hastorf na Cantril, wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ya mchezo ule ule, wakiwataka wahesabu makosa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Wanafunzi wa Princeton waliyaona makosa ya timu ya Dartmouth kuwa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Filamu ilikuwa moja, lakini kila upande uliona mchezo wake.

Tukilielewa hilo, tutakuwa na unyenyekevu kidogo. Mtu anayekuambia kwa machozi kwamba mpira ule uligusa mkono, anasema kweli kuhusu alichokiona. Lakini alichokiona kimepita kwanza katika mapenzi yake. Ndiyo maana sheria za mahakama hazimruhusu mtu kuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe. Mshabiki ni mdai. Hawezi kuwa hakimu pia.

3. Mwamuzi naye ni mtu

Sasa tumtazame mwenye kipenga. Yeye huona tukio mara moja, kutoka mahali alipo, akiwa amechoka kwa kukimbia, na watu ishirini na wawili wakipishana mbele yake. Mshika kibendera anayeamua juu ya kuotea anapaswa kujua mguu uliopiga mpira ulipiga saa ngapi, na wakati huo huo mshambuliaji alikuwa wapi kwa kulinganishwa na mlinzi. Jicho moja haliwezi kuwa mahali pawili. Sisi nyumbani twaonyeshwa tukio lile lile mara sita, polepole, kisha twamwita mjinga yeye aliyeliona mara moja.

Lakini tusiishie kumwonea huruma. Upo upendeleo usiohitaji rushwa. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa Uingereza ambamo waamuzi 40 waliosomea kazi hiyo walionyeshwa katika video matukio 47 ya wachezaji kukabana. Baadhi yao walisikia kelele za mashabiki, wengine walitazama kimya kimya. Waliosikia kelele waliihesabia timu mwenyeji makosa pungufu kwa asilimia 15.5. Huko Hispania nako wataalamu wa uchumi walichunguza dakika za nyongeza, wakakuta kwamba timu ya nyumbani ikiwa nyuma kwa bao moja, dakika zilirefuka. Ikiwa mbele kwa bao moja, zilipungua.

Maana yake ni nini kwetu? Kwanza, anayelalamika kwamba mwenyeji hupendelewa si lazima awe mwongo. Pili, si lazima awepo mtu aliyepokea hata shilingi moja. Tatu, na hili lituchome kidogo: sisi tunaopiga kelele ndio tunaoisukuma mizani, kisha twalalamika kwamba mizani imeinama.

4. Uonevu wa kweli upo

Baada ya kusema hayo, ingekuwa kosa kuwafundisha watu kunyamaza. Kuna padre mmoja aliyewahi kuwaambia waumini wake kwamba Mkristo mwema hulikubali kila jambo la wakubwa. Sisi hatufundishi hivyo. Waamuzi wamewahi kununuliwa kweli, na viongozi wamewahi kupanga matokeo kweli.

Huko Ujerumani, mwaka 2005, mwamuzi Robert Hoyzer alikiri kuharibu mechi kwa ajili ya wacheza kamari, na mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 2 na miezi 5. Italia, mwaka 2006, mazungumzo ya simu yaliyonaswa yalionyesha viongozi wa klabu wakijihusisha na upangaji wa waamuzi. Juventus ikashushwa daraja na kunyang'anywa mataji. Hapa Afrika, tarehe 12 Novemba 2016, mwamuzi kutoka Ghana aliipa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal kwa mpira ambao haukuguswa kwa mkono. FIFA ikachunguza, pamoja na mwenendo wa kamari kuhusu mechi ile, ikamfungia maisha mwaka 2017, na mechi ikarudiwa. Senegal ikashinda mabao 2 kwa 0 na kufuzu Kombe la Dunia la 2018. Na mwaka huo wa 2018 mwamuzi msaidizi kutoka Kenya, jirani zetu, alinaswa na kamera akipokea fedha, akafungiwa maisha na CAF.

Ndugu zangu, tazameni haki ilivyopatikana katika mambo haya. Katika kesi ya Ujerumani, waamuzi wenzake Hoyzer ndio waliokwenda kwa wakubwa wao wakaeleza mashaka yao. Katika kesi ya Senegal palikuwa na picha na kumbukumbu za kamari. Katika ile ya Kenya palikuwa na kamera. Hakuna hata moja iliyoamuliwa kwa jiwe lililorushwa wala kwa tusi. Na litazameni jambo lingine: pale ambapo kila mwamuzi anaitwa mwizi kila juma, siku mwizi halisi akitokea atajificha kwa urahisi sana, kwa kuwa kelele zitakuwa zile zile. Anayemsingizia asiye na kosa humfanyia kazi mwenye kosa.

5. Ukimya wa wenye mamlaka

Hapa twapenda kusema neno kwa wanaoongoza mchezo, kuanzia wilayani hadi taifa. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mara nyingi uvumi huota penye giza. Uamuzi ukitolewa bila sababu, watu watajitungia sababu. Ripoti ikifungiwa kabatini, kijiwe kitaandika ripoti yake. Mwamuzi akisimamishwa kimya kimya, wengine watasema alionewa na wengine kwamba amefichwa.

Tarehe 30 Septemba 2023, huko Uingereza, Tottenham ikicheza na Liverpool, bao halali la Liverpool lilikataliwa kwa madai ya kuotea, ingawa walikuwepo waamuzi wa video. Watu wakapiga kelele kwamba ni njama. Siku chache baadaye chombo kinachosimamia waamuzi kilitoa hadharani sauti zao wenyewe. Kila mtu akasikia: mwamuzi wa video alidhani uwanjani bao limekubaliwa, akasema uchunguzi umekamilika, na walipotambua kosa mchezo ulikuwa umekwisha anza tena. Lilikuwa kosa baya, na Liverpool hawakurudishiwa bao lao. Lakini watu waliposikia mkanganyiko ule kwa masikio yao, waliweza kulizungumza kosa kama kosa.

Haki haitoshi kutendwa. Yapasa ionekane ikitendwa. Anayeficha sababu za uamuzi wake, hata uamuzi uwe sahihi, ana sehemu yake katika dhambi ya wanaomsingizia.

6. Kisa chetu wenyewe

Tungekuwa wanafiki kama tungeendelea bila kukiri jambo moja.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia tuliyokuwa tukihudumia, vigango viwili vilikutana katika fainali ya kombe la Pasaka. Zawadi ilikuwa mbuzi na mpira mmoja. Mwamuzi alikuwa kijana wa kwaya aliyehudhuria mafunzo ya uamuzi wilayani. Zikiwa zimebaki dakika chache akaamuru penalti, nayo ikafungwa. Kabla ya jua kuzama neno lilikuwa limeenea: kijana amepewa fedha. Ushahidi? Ana baiskeli mpya.

Neno hilo tulilisikia tukiwa mezani. Hatukulikanusha. Tulicheka. Na siku ya pili, mbele ya makatekista, tukalirudia kama utani. Neno la utani likitoka kinywani mwa padre huacha kuwa utani. Makatekista walirudi vigangoni nalo, na sasa lilikuwa na muhuri wa parokia.

Baada ya majuma matatu kijana yule alikuja ofisini. Hakugomba. Aliweka mezani stakabadhi ya chama cha msingi, ya mauzo ya ufuta, na nyingine ya duka la baiskeli, akasema, “Baba, soma tarehe.” Baiskeli ilinunuliwa mwezi mmoja kabla ya mashindano kutangazwa.

Tulimwomba msamaha pale pale, na Dominika iliyofuata tukaomba msamaha mbele ya waumini wote wakati wa matangazo. Alitusamehe; ni kijana mwema. Lakini tangu siku ile hajashika kipenga tena. Na penalti ile, je, ilikuwa halali? Hatujui. Wakati inatolewa tulikuwa nyuma ya goli lingine tukizungumza na mzee mmoja kuhusu bati za kigango. Tulimhukumu mtu kwa jambo ambalo hata hatukuliona.

Mafundisho ya Kanisa juu ya Amri ya Nane yanatenganisha makosa matatu: kumdhania mtu ubaya bila msingi wa kutosha, kufichua ubaya wake wa kweli bila sababu ya haki, na kumsingizia ubaya asioutenda. Tena yanadai fidia: aliyeharibu jina la mtu hana budi kulijenga upya kadiri awezavyo. Tumejifunza kwamba kulijenga ni kazi kubwa kuliko kulibomoa.

7. Mwisho wa njia hii

Labda mtu atasema, haya ni maneno tu. Tarehe 24 Mei 1964, jijini Lima, Peru ilikuwa ikicheza na Argentina. Mwamuzi alikataa bao la kusawazisha la Peru. Mashabiki wakaingia uwanjani, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango iliyokuwa imefungwa. Walikufa watu 328. Na tarehe 1 Desemba 2024, mjini Nzérékoré, Guinea, ghasia zilizoanzia kwenye maamuzi yaliyopingwa, zikifuatwa na mabomu ya machozi na msongamano, ziliacha vifo 56 kwa hesabu ya serikali. Kati ya tukio moja na lingine imepita miaka 60. Wengi wa waliokufa hawakurusha jiwe. Walikwenda kutazama mpira.

Tusisahau pia kosa la vyombo vya usalama katika mambo hayo mawili, kwani bomu la machozi katika uwanja wenye milango michache si ulinzi wa amani.

8. Tufanye nini?

Hatutaki mwondoke na huzuni. Mpira ni furaha, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tutumie mizani moja. Kabla ya kulalamika, mtu ajiulize: tukio hili lingetokea kwa timu ya watani, ningesemaje? Kitabu cha Walawi kinamkataza mwamuzi kumpendelea maskini kwa umaskini wake au mkubwa kwa ukubwa wake. Basi hata timu ndogo isipendelewe kwa kuwa ni ndogo, na kubwa isihukumiwe kwa kuwa ni kubwa.

Pili, tutenganishe kosa na hila. Kusema “mwamuzi amekosea” ni haki ya kila mtazamaji. Kusema “mwamuzi amenunuliwa” ni shtaka la jinai, na mwenye kulitoa anadaiwa ushahidi. Nikodemo aliwauliza wakuu wenzake kama sheria yaweza kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Swali hilo liulizwe na kwenye kijiwe.

Tatu, mwenye ushahidi asinyamaze. Aupeleke penye mamlaka: kwa chama cha soka, na ikiwa ni rushwa, kwa TAKUKURU. Kunung'unika pembeni huku tukiwa na ushahidi mfukoni si upole, ni woga.

Nne, tuanze nyumbani. Mashindano ya vigango na ya vijana yawe na kanuni zilizoandikwa na kusomwa kabla ya mechi ya kwanza, kamati ya rufaa isiyo na mtu wa timu husika, na majibu ya rufaa yabandikwe ubaoni pamoja na sababu zake. Mwamuzi asindikizwe hadi nyumbani na manahodha wote wawili. Tukishindwa kutenda haki katika mashindano ya mbuzi mmoja, tutawezaje kuidai katika ugawaji wa ardhi?

Kitabu cha Kutoka kinatuonya tusiufuate umati katika uovu. Umati uliopo leo katika maisha ya vijana wetu ni ule wa jukwaani. Kijana atakayeweza kusimama katikati ya watu wa rangi yake na kusema, “Hapana, ile ilikuwa penalti halali, tumefungwa,” huyo tayari ameanza kuwa shahidi wa kweli. Siku atakapoitwa barazani kutoa ushahidi kuhusu shamba la mjane, hatatetemeka.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu yupo mtu ambaye jina lake limeharibiwa kwa uvumi wa mpira au mwingine? Tutalijengaje upya?
2. Mashindano ya parokia yetu yana kanuni zilizoandikwa? Nani amezisoma?
3. Ni lini mara ya mwisho tulikubali hadharani kwamba timu yetu ilipendelewa?